Maji hayapandi mlima: mfereji wa Nîmes na daraja la Gard

Habari za huko nyumbani, ndugu zangu. Salamu kwa wa Dar, wa Mombasa, wa Bukavu, wa Kampala, na mlioko Muscat pia. Leo niko kusini mwa Ufaransa, kando ya mto Gardon, na haya matao yaliyopandana nyuma yangu ndiyo Pont du Gard. Mafundi ujenzi na mafundi bomba, video hii ni yenu hasa. Kaeni karibu.

Kwanza niondoe kosa moja. Watu wanakuja hapa, wanapiga picha ya daraja, wanaondoka wakiamini wameona kazi ya Warumi. Daraja hili lina urefu wa mita 275 hivi kwa sasa. Kazi yenyewe ni mfereji wa maji wa kilomita 50, uliotoka kwenye chemchemi ya Eure pale Uzès hadi mji wa Nîmes. Daraja ni mahali pamoja tu ambapo mfereji ulikutana na bonde na haukuwa na pa kupita. Ulijengwa karne ya 1 baada ya Kristo. Zamani ilisemwa ni kazi ya Agrippa, mkwe wa mfalme Augusto, lakini wachimbuaji wa mambo ya kale siku hizi wanauweka kati ya mwaka 40 na 60.

Sasa sikilizeni hesabu, maana hapa ndipo penye uhondo. Kutoka Uzès hadi Nîmes, ukivuta kamba iliyonyooka, ni kilomita 20 tu. Katikati kuna vilima vya mawe. Pampu hakuna, umeme hakuna, na maji hayapandi mlima. Basi mfereji ukazunguka vilima, na ndiyo maana ukafika kilomita 50. Tofauti ya kimo kati ya mwanzo na mwisho ni kama mita 12 na nusu, yaani jengo la ghorofa nne. Gawanyeni wenyewe: sentimita 25 kwa kila kilomita. Sentimita 1 kwa mita 40. Na hiyo ni wastani. Kuna kipande ambacho mteremko unashuka hadi sentimita 7 kwa kilomita nzima, yaani sentimita 1 kwa zaidi ya mita 140. Fundi anayemwaga sakafu ya bafu anajua ilivyo kazi kuyafanya maji yaende kwenye tundu bila kutuama, na hapo chumba ni mita mbili.

Walipimaje? Vitruvius, msanifu majengo wa Kirumi aliyeandika karne ya 1 kabla ya Kristo, ametuachia maelezo ya kifaa kinachoitwa korobate. Ni pima maji, ila kubwa. Ubao mrefu wa futi 20, kama mita 6, umesimama juu ya miguu miwili, kila mguu una mstari uliochorwa wima sawasawa, na kandokando yake zimening'inia timazi, yaani kamba zenye uzito mwishoni. Timazi ikigusa mstari pande zote mbili, ubao umelala sawa. Upepo ukipuliza, timazi zinayumba na hazisomeki. Kwa hiyo juu ya ubao kumechongwa kihori chembamba cha futi 5: unatia maji, na yakifika kwenye ukingo kwa usawa pande zote, umepata. Wale wanaotumia mpira wa maji kuhamisha usawa kutoka nguzo hii hadi ile, kanuni ni hiyohiyo.

Shida ya kifaa cha namna hii si kosa kubwa. Kosa kubwa utaliona. Shida ni lile dogo linalojirudia. Ubao ukiwa na hitilafu ya milimita 1 kila unapouweka, ukisogea mita 6 kwa mita 6, ndani ya kilomita moja umeuweka mara 160 na zaidi. Hitilafu ikiwa upande mmoja daima, unajikuta umepotea sentimita 16, na mteremko wote uliokuwa nao ni 25. Dawa yake ni kugeuza kifaa, kichwa kiwe mkiani, na kupima tena palepale. Kosa la kifaa litaelekea upande wa pili, ukichukua katikati ya vipimo viwili linajifuta. Halafu unapima kwenda na kupima kurudi, hadi namba zikubaliane. Njia ya mkato haipo.

Turudi kwenye daraja, maana kuna uamuzi mmoja hapa unaonionyesha kwamba aliyepanga kazi hii alikuwa mtaalamu wa kweli. Mteremko haukugawanywa sawasawa. Upande wa juu, kabla ya kufika mtoni, mfereji unashuka kwa kasi zaidi, baada ya daraja ukawa karibu tambarare. Kwa nini? Kwa sababu kila mita unayoshuka kabla ya bonde ni mita moja unayoipunguza kwenye kimo cha daraja. Kwa kufanya hivyo walilipunguzia daraja kimo cha karibu mita 6, nalo hata hivyo lina mita 49 hivi, ndilo refu kwenda juu kuliko madaraja yote ya maji ya Kirumi yaliyobaki. Njia nyingine ilikuwepo: kushusha maji bondeni kwa mabomba ya risasi na kuyapandisha upande wa pili kwa nguvu ya msukumo wake yenyewe. Kule Lyon walifanya hivyo. Lakini risasi inayohitajika ni nyingi mno, na kila kiungo cha bomba pale chini kinabeba uzito wa maji yote yaliyo juu yake.

Uamuzi ule ulikuwa na gharama. Kipande kilichofuata kikawa tambarare kiasi kwamba maji yalikwenda polepole kuliko ilivyotarajiwa, yakarudi nyuma na kujaa. Kuta za mfereji hapa juu ya daraja ikabidi ziongezwe kimo. Nyongeza hiyo ya ukuta inaonekana mpaka leo.

Haya, sogeeni karibu na jiwe hili. Matao ya chini ni sita, ya kati kumi na moja, na juu kabisa palikuwa na vitao 47, leo vimebaki 35. Tao kubwa kuliko yote, hili linalovuka mto wenyewe, lina upana wa mita 24 na nusu. Mawe ni ya chokaa yenye magamba ya kombe ndani yake. Tazameni, yanaonekana kwa macho, kama jiwe la matumbawe la kwetu Lamu au Kilwa. Yalikatwa machimbo ya Estel, kama mita 700 tu kutoka hapa, ukifuata mto unakoelekea. Mengine yana uzito wa tani 6. Na katika ngazi mbili za chini hakuna udongo wala chokaa kati ya jiwe na jiwe. Yamechongwa yakakaana, na uzito wake wenyewe ndio unaoyashika.

Mnaona herufi hizi? FR S III. Ni kifupi cha Kilatini: uso wa mbele, kushoto, jiwe la 3. Jiwe lilichongwa chini likapewa anwani yake, likapandishwa na kuwekwa mahali pake. Na hivi vinundu vinavyotokeza ukutani, ambavyo wageni wanadhani ni mapambo, ni mawe yaliyoachwa makusudi ili kubebea jukwaa la mbao na kalibu ya tao.

Tao hujengwa hivi. Unasimamisha nguzo hadi kimo ambapo tao linaanza kupinda. Hapo unaacha ukingo wa jiwe utokeze, na juu ya ukingo huo unakalisha kalibu ya mbao ya nusu duara. Mawe yaliyochongwa kama kabari yanapandishwa kwa winchi, ile ya gurudumu kubwa ambalo watu wanatembea ndani yake, na kupangwa kutoka pande zote mbili kwa pamoja. Jiwe moja kulia, moja kushoto. Ukikimbiza upande mmoja, kalibu inalemewa, inapinda, na tao zima linatoka na kiuno. Jiwe la kati la kufungia ndilo la mwisho. Kisha unalegeza kabari zilizo chini ya kalibu kidogo kidogo, usizigonge zote kwa mpigo, ili mawe yabanane polepole. Tazameni na tumbo la tao kwa chini: si tao moja pana, ni pete kadhaa zimesimama bega kwa bega. Kwa hiyo walihitaji kalibu nyembamba tu. Wakimaliza pete moja wanaisogeza pembeni na kuanza ya pili. Mbao kidogo, kazi kubwa.

Sasa tupande kwenye mfereji wenyewe, kwa sababu mimi naona hapa ndipo watu wa pwani tutaelewana kuliko mtu mwingine. Mfereji una upana wa mita 1.2 hivi na kimo cha kama mita 1.8, umefunikwa kwa mabamba ya mawe. Ndani umepigwa lipu. Chokaa ya kawaida, ile tunayochoma kutoka kwenye matumbawe juu ya magogo, hukauka kwa kukutana na hewa. Ukiiweka mahali penye maji kabla haijashika, inabaki laini na kulika. Warumi walitwanga vigae na matofali ya kuchoma, wakachanganya unga na chenga zake na chokaa. Udongo uliochomwa ukikutana na chokaa, vinashikana hata kwenye unyevu, na lipu haipitishi maji. Vitruvius anatoa vipimo: mchanga wa shimoni sehemu 3 kwa chokaa 1, mchanga wa mto au wa baharini sehemu 2 kwa 1. Na huu wa mto na bahari anasema ukiuongezea theluthi moja ya vigae vilivyotwangwa na kuchekechwa, unakuwa bora zaidi.

Mnaotaka kujaribu kwenye tangi la kuvunia mvua, angalieni mambo mawili. Kigae kiwe kimechomwa kwa moto wa kiasi. Kilichoungua hadi kung'aa kama kioo hakishikani vizuri na chokaa. Na chokaa iwe imezimwa ikatulia muda mrefu. Pliny Mzee, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1, anaandika kwamba sheria za zamani za ujenzi zilikataza chokaa ya chini ya miaka 3. Sababu ni kwamba punje ambazo hazijazimika huja kuzimika ndani ya lipu, zinavimba, na ukuta unatoka vijipu na kupasuka.

Angalieni kona hii ya chini, sakafu inapokutana na ukuta. Haikuachwa kali, imejazwa mviringo. Kona kali ndipo ufa unapoanzia, na ndipo tope linapojificha usiweze kulisugua. Juu ya lipu palipakwa rangi nyekundu. Pliny ametaja mapishi ya namna hiyo ya kuzibia maji: chokaa mbichi iliyozimwa kwa mvinyo, ikatwangwa na tini na mafuta ya nguruwe. Mafuta ndiyo yanayofukuza maji.

Na sasa kamera iende hapa, polepole. Huu ukoko mweupe mnene, wenye tabaka kama shina la mti lililokatwa, si kazi ya fundi. Ni maji. Chemchemi ya Uzès inatoka kwenye miamba ya chokaa, maji yake ni magumu, kama yale ya visima vinavyoacha ukoko kwenye birika la chai. Mwaka baada ya mwaka ukoko ulijijenga hadi karibu nusu mita kila upande. Mfereji wa mita 1.2 ukabaki kijia. Tabaka za mwanzo ni safi na ngumu, maana mafundi walikuwa wanaingia kusafisha. Za baadaye zina uchafu na alama za mizizi: mabamba ya juu yameibwa, miti imeingiza mizizi, hakuna anayekuja. Kuanzia karne ya 4 matunzo yalilegea, na baadaye maji yakakatika kabisa. Wanavijiji wakakata ukoko wenyewe vipande vipande wakajengea nyumba na makanisa.

Mawe ya chini, hayo hayakushindwa na mafuriko. Yale makubwa ya mwaka 1958 na ya 2002 yalipita hapa, daraja likasimama. Lililolidhuru ni binadamu: karne ya 17 nguzo za ngazi ya kati zilichongwa zikapunguzwa unene ili mizinga ya vita ipite. Barabara mnayoiona imebandikwa ubavuni iliongezwa karne ya 18, ikamalizika 1747.

Mfereji ulipokuwa mzima ulipeleka kama mita za ujazo 40,000 kwa siku. Ni lita milioni 40, maboza 4,000 ya lita 10,000 kila siku, mchana na usiku. Tone lililoingia Uzès lilichukua siku nzima na zaidi kufika mjini.

Mkifika Nîmes, nendeni mtaa wa Lampèze. Hapo kando ya njia lipo birika la duara lenye kipenyo cha mita 5 na nusu hivi, lililochongwa kwenye mteremko wa kilima, juu ya mji. Mfereji unaingia kwa tundu la mraba, na mbele yake kuna matundu 10 ya duara, kila moja kama sentimita 40, ambamo mabomba ya risasi yalichukua maji kwenda mitaani, kwenye mabafu na visima vya umma. Sakafuni kuna matundu mengine matatu ya kutolea maji yote wakati wa kusafisha. Unasimama pale kwenye uzio, unayahesabu moja moja.