Mtoto Anayejibu Tu: Binti Yangu na Maswali ya Kihispania

Hamjambo wapenzi, karibuni tena. Leo hamnioni jikoni kama mlivyonizoea. Nimekaa kwenye benchi mtaa wa Tetuán, hapa Madrid, na lile geti la kijani mnaloliona nyuma yangu ni la shule ya binti yangu. Sasa hivi ni saa tisa na nusu, geti linafunguliwa saa kumi. Nusu saa hii nataka niitumie kwa lile mnaloniandikia kila wiki, hasa nyinyi kina mama mnaojiandaa kuja huku na watoto wadogo: mtoto anajifunzaje kuuliza kwa Kihispania?

Kuuliza, nimesema. Kuongea kutakuja.

Mwaka jana mwalimu wake aliniita. Huku watoto wanaingia shule na miaka mitatu, na asubuhi wanaanza kwa kukaa chini duara, wanaita asamblea: nani yupo, nani hayupo, leo siku gani, nje kuna jua au mvua. Mwalimu akaniambia, binti yako ananijibu kila kitu. Rangi anazijua, anahesabu mpaka ishirini. Lakini tangu Septemba hajaniuliza hata swali moja. Hata ruhusa ya kwenda chooni haombi, anajibana mpaka mtu amwone.

Jamani, lilinichoma. Nikarudi nyumbani nikaanza kujisikiliza. Kumbe kutwa nzima muulizaji ni mimi! "¿De qué color es?" Hii rangi gani? "¿Cuántos hay?" Viko vingapi? "¿Cómo se dice paka?" Paka anaitwaje? Yote hayo majibu ninayo mwenyewe. Mtoto alikuwa kwenye mtihani tangu anaamka mpaka analala, na aliye kwenye chumba cha mtihani haulizi, anajibu.

Na tuambiane ukweli, kuna la malezi pia. Mimi nimekulia Tanga, na kwetu mtoto akiulizauliza mbele ya wageni aliambiwa hayo ni ya wakubwa, nenda kacheze. Bibi yangu alinilea kwa mapenzi makubwa na simlaumu. Ila huku mtoto asiyeuliza anahesabiwa kwamba haelewi, na taratibu anabaki pembeni bila mtu yeyote kukusudia.

Sasa tuje kwenye lugha yenyewe, maana hapa ndipo watoto wetu wanapokwama. Sisi tukiuliza, neno la kuulizia linakaa palepale litakapokaa jibu. Koti hili ni la Juma. Koti hili ni la nani? Unamtoa Juma, unamweka nani, basi. Mhispania yeye neno hilo analipeleka mwanzo kabisa, na kale kaneno kanakoambatana nalo kanatangulia mbele yake: "¿De quién es este abrigo?" Ni kama useme, la nani ni koti hili? "¿Con quién vas?" Na nani unakwenda? Binti yangu akawa anasema "¿Este abrigo es de quién?" Anaeleweka. Lakini Wahispania huuliza hivyo zaidi pale ambapo hawakusikia vizuri na wanataka urudie, kwa hiyo wenzake walikuwa wanamrudishia sentensi ya mwanzo kwa sauti kubwa, na swali lake linabaki hewani.

Swali la ndiyo au hapana ni rahisi kwake. Hawana "je", wanatumia sauti. "Ha venido papá", sauti inashuka: baba kaja. "¿Ha venido papá?", inapanda: baba kaja? Na sisi "je" mara nyingi tunaiacha, tunapandisha sauti tu. Ile alama ya kuuliza wanayoipindua mwanzoni mwa swali, akademia ya lugha yao iliipendekeza mwaka 1754, ili anayesoma ajue mapema aiandae sauti yake. Mtoto wa miaka minne haimhusu bado.

Linalomhusu ni "naomba". Hapa naomba mnisikilize vizuri. Mtoto wetu mwenye adabu anasema naomba maji. Ukimtafsiria neno kwa neno inakuwa "pido agua", na sijasikia mtoto wa huku akisema hivyo. Adabu yao wameiweka ndani ya swali. "¿Me das agua?" Unanipa maji? "¿Me dejas el rojo?" Unaniazima hiyo nyekundu? "¿Me ayudas?" Unanisaidia? "¿Jugamos?" Tucheze? Mimi nafanya kazi ya kusimamia watoto wakati wa chakula cha mchana, katika shule nyingine, watoto wa miaka mitatu hadi sita, na wimbo wa mchana mzima ni huo: "¿Me pelas la mandarina?" Unanimenyea chenza? "¿Puedo ir al baño?" Naweza kwenda chooni? Basi nikaanza na hayo hayo. Nilimpa sentensi nzima kama anavyopewa jina la mtu. Hukati jina la mtu vipande ukaeleza kila kipande.

Nilimpaje? Kwanza niliacha kumwekea kila kitu mkononi. Rangi zake za maji nikazipandisha kwenye rafu, anaziona lakini hazifikii. Chenza nalishika mimi. Halafu nanyamaza, nahesabu moyoni mpaka kumi, na kwa mama hizo ni hesabu ndefu kweli. Akinyoosha kidole, mimi nasema kwa niaba yake, kwa sauti yake, "¿Me das la mandarina?", halafu nampa papo hapo. Simwambii rudia. Akiwa na njaa au analia, anapewa bila mchezo wowote, tafadhalini sana msije mkamnyima mtoto chakula mkasema mliona kwenye video yangu.

Wiki ya tatu ndipo lilipotoka. Nilikuwa namenya chenza, akanisogelea: "¿Me das uno?" Unanipa kipande? Nilimpa chenza lote.

Pili, tukacheza mchezo wao wa "Veo, veo", maana yake naona, naona. Mchezo huu hauendi bila mtoto kuuliza. Mimi nasema "Veo, veo", yeye anauliza "¿Qué ves?", unaona nini? Nasema "Una cosita", kakitu fulani. Yeye: "¿Y qué cosita es?" Sisi tuliokua na kitendawili, tega, hatuhitaji kufundishwa raha ya jambo hili. Tena kitendawili nimekirudisha nyumbani, kwa Kiswahili, kila usiku. Msikubali kuambiwa muache Kiswahili ili Kihispania kiingie. Mtoto anayethubutu kuuliza kwa lugha ya mama yake, ule uthubutu anahama nao.

Mfano ninao. Kiswahili chake kina "Na baba je?" Kihispania ni "¿Y papá?" Nilimwonyesha mara moja tu, na jioni ile ile ikawa "¿Y el gato?", "¿Y la luna?", "¿Y tú?" Na paka je? Na mwezi je? Na wewe je? Ukinilazimisha nichague swali moja la kumfundisha mtoto kwanza, nitachagua hilo. Ni fupi, linakubali kila kitu, na wenyewe wanalitumia kila dakika.

La kumsahihisha. Mtaa wetu huu una majirani wengi wa kutoka Jamhuri ya Dominika, na wao wanasema "¿Qué tú quieres?", unataka nini, wakati mtu wa Madrid anasema "¿Qué quieres?" Binti yangu analeta zote mbili nyumbani. Namwacha. Ni kama mtu wa Lamu na mtu wa Unguja, nani atamwambia mwenzake hujui lugha? Na "¿Este abrigo es de quién?" nayo siikatizi. Namjibu kwanza, kisha swali lile nalipitisha sawasawa ndani ya jibu: "¿De quién es? Es mío." La nani? Langu. Anasikia, anaendelea na mchezo wake.

Jumamosi iliyopita tulikwenda sokoni, Mercado Maravillas, pale Bravo Murillo. Mbele ya muuza matunda hakuna foleni ya kusimama mstari. Watu wametawanyika, na anayefika anauliza kwa sauti nani wa mwisho, ili ajue anamfuata nani. Kabla sijafungua mdomo nikasikia chini yangu: "¿Quién es el último?" Watu wazima wakageuka. Mzee mmoja mwenye kofia akainama, akamjibu, "Yo, bonita." Mimi, mrembo. Binti yangu akasimama karibu na yule mzee, hakumwachia macho mpaka zamu yetu ilipofika.

Haya, geti hilo linafunguliwa, mnasikia kelele. Kitafunio cha watoto cha alasiri, merienda, nimekiweka ndani kabisa ya mkoba na zipu nimeifunga. Kila mtoto anayetoka pale anakimbia kwa mama yake na swali moja, "¿Qué me has traído?", umeniletea nini? Simwambii chochote mpaka aniulize. Huyo anakuja, naizima kamera.