Mkutano Arusha: chumba, tiketi na machungwa ya Segera

DEO: Karibuni tena jamani. Wiki iliyopita nilikaa hapa peke yangu mkanilalamikia kweli kweli, sa leo mwenye kiti chake karudi. Dada Zu, shikamoo.

ZUHURA: Marahaba mdogo wangu. Nimerudi na nina ya kusema, we ngoja tu.

DEO: Dada Zu alikuwa Arusha, pale AICC, kile kituo cha mikutano ya kimataifa, mkutano wa watu wa manunuzi ya serikali, siku tatu. Leo kipindi chote ni hicho, umetumwa mkutano mji mwingine, unasafiri vipi, unalala wapi, na unautembeaje huo mji badala ya kuona ukumbi na kitanda basi. Nimeandika mambo matano hapa kwenye karatasi, tunaenda nayo moja moja.

ZUHURA: Karatasi baadaye, naanza na chumba. Nimebuku mapema kabisa, loji moja maeneo ya Sekei, jina silitaji, nikatuma advansi kwa simu wakanijibu karibu sana mama. Nafika saa mbili usiku, baridi ile ya mwezi wa saba, binti wa mapokezi ananiangalia anasema mama chumba chako kimechukuliwa na grupu. Grupu gani? Grupu la mkutano. Nikamwambia we binti, na mimi ndo mkutano!

DEO: [anacheka] Pole dada.

ZUHURA: Iliniuma Deo, maana nilikuwa nimekaa kwenye basi tangu asubuhi. Kilichoniokoa ni simu. Meseji ya muamala ipo, jina la aliyepokea lipo, na asubuhi ileile nikiwa stendi Mbezi nilishamwandikia mwenye loji kwamba ndo napanda basi, nitaingia usiku, na yeye kajibu sawa. Yule binti akampigia nikamsomea jibu lake mwenyewe. Nikapelekwa loji ya jirani, chumba kizuri kuliko kile, nyongeza kalipa yeye.

DEO: Hiyo sasa inaingia jambo langu la kwanza, chumba kinatangulia tiketi. Watu wanakimbilia tiketi, basi halijai hivo bana, vyumba ndo vinajaa. Mwezi wa saba na wa nane Arusha ni msimu wa watalii wa mbugani, ongeza na mkutano mkubwa juu yake, wenye loji wanajua kabisa posho yako ni shilingi ngapi.

ZUHURA: Wanaijua kukuzidi. Alafu usimuulize mtu kama kuna maji ya moto, kila mtu atakwambia yapo. Muulize saa kumi na mbili asubuhi yanatoka? Hita ni ya kila chumba au ni moja ya jengo zima? Hapo utasikia anaanza kujiumauma. Na mimi ni wa kulala karibu na ukumbi, Sekei pale unashuka kwa miguu mpaka AICC, mchana ukichoka unarudi kujinyoosha kidogo. Wenzangu walilala Njiro, wengine Sakina, bei nafuu sawa, ila bajaji asubuhi bajaji jioni, na jioni ndo watu mnakaa mnaongea ya maana, wao wanawahi kuondoka.

DEO: Na risiti je, maana kuna kurejesha masurufu.

ZUHURA: Ya EFD, ile ya mashine ya kodi, unaidai kabla hujaingiza begi chumbani. Endelea.

DEO: Jambo la pili, usafiri. Ukienda kwa ndege soma tiketi vizuri, uwanja wa Arusha upo Kisongo hapo, karibu na mji, lakini KIA, ule uwanja wa Kilimanjaro, ni kama kilomita hamsini, usije ukapanga kutua saa mbili na mkutano uanze saa tatu. We ulipanda basi. Kwa nini basi, na ofisi ingekulipia ndege?

ZUHURA: Kwa sababu ya njia! Ile njia ni nusu ya safari yenyewe. Na mimi ni mtu wa Tanga, nikifika Segera nikaona machungwa yamepangwa nasikia nimefika nyumbani.

DEO: Haya, machungwa.

ZUHURA: Mwezi wa saba Deo! Ndo msimu wake, machungwa ya Muheza yale ngozi ya kijani ndani asali. Basi linapunguza mwendo vijana wanakimbia nalo wameyanyanyua juu, unafungua dirisha, hapo unanunua kwa macho na mikono, bei mnaelewana gari likiwa linatembea. Nikachukua kiroba.

DEO: Kiroba kizima? Unaenda mkutanoni?

ZUHURA: Kizima. Tukafika Korogwe, konda kasimama mlangoni, dakika kumi!

DEO: [anacheka] Dakika kumi! Hiyo dakika kumi haijawahi kubadilika tangu niko primari naenda kwetu Moshi. Foleni ya choo peke yake dakika kumi, chipsi zinatoka kwenye mafuta zinawaka moto, unakula umesimama ulimi umeungua na dereva ashapiga honi.

ZUHURA: Ndo maana nakwambia matunda. Mimi sikushuka kula, nikashuka kunyoosha miguu, nikarudi nikamenya chungwa. Jirani yangu wa kiti karudi na kuku hajamaliza, nikampa chungwa, na nyuma yake nikampa, nyuma kule mama mmoja akauliza mwanangu hayo ya Segera? Nikampa. Mpaka Mombo nusu ya basi tunajuana.

DEO: Mombo ungeacha machungwa, Mombo ni plamu na mapichesi yanayoshuka Lushoto.

ZUHURA: Msimu wake sio mwezi wa saba.

DEO: Mwezi wa saba unachukua hata karoti! Mboga za Lushoto ni mboga za Lushoto. Na Same tangawizi, ile ya milimani ya Upareni, ukisikia watu wa Same wanakunywa chai yao...

ZUHURA: Nani anakwenda mkutano na karoti, Deo?

DEO: Nani anakwenda na kiroba cha machungwa? [wanacheka] Sikia, kuna jambo la maana la njia, limo kwenye karatasi pia. Kata tiketi upande wa dereva. Yani kulia. Ukitoka Dar kwenda Arusha Usambara ipo kulia, milima ya Upare ipo kulia, na Kilimanjaro ukishapita Himo ipo kulia. Upande wa mlangoni utaona mashamba ya mkonge tu mpaka uchoke.

ZUHURA: Hapo nakuunga mkono moja kwa moja. Tulipita Moshi jua linazama, wingu likafunguka, mlima wote huo, basi zima likanyamaza. Nimeuona mara ngapi sijui, na bado nilisahau kupiga picha.

DEO: Mlima wetu huo.

ZUHURA: Wa Watanzania wote. Sasa sikia machungwa yalifanya nini. Yule jirani niliyempa Korogwe kumbe naye anaenda mkutano uleule. Na nyuma yake wawili, wametoka Kibaha. Tumeingia Arusha Jumamosi usiku, mkutano unaanza Jumatatu. Jumapili alfajiri tukawa watano na dereva kwenye gari moja tunaenda Momella.

DEO: Kumbe machungwa ndo yalikodi gari.

ZUHURA: Ndo hivo! Hifadhi ya Taifa ya Arusha ipo karibu kabisa, unakata kona Usa River, halafu unaingia. Simba hamna mle, ndo maana unaweza kutembea kwa miguu na askari wa hifadhi, twiga wapo pale wanakuangalia, mbega weupe juu ya miti, maziwa ya Momella yana flamingo, na Mlima Meru umesimama juu yako, mita 4,566. Kitambulisho cha taifa mkononi, unalipa kwa kontroli namba kiingilio cha mtu wa Afrika Mashariki. Jioni tumesharudi, Jumatatu asubuhi tupo ukumbini, macho makavu. Siku za mbuga ziweke kabla ya mkutano.

DEO: Hapo sasa dada mimi nakataa. Nakataa kabisa.

ZUHURA: Nilijua.

DEO: Kwa mtu wa kawaida kinachoua ni gari, kiingilio sio tatizo. Kreta ya Ngorongoro huteremki na kigari kidogo, unataka foo wili, na dereva wake, na mafuta ya kwenda na kurudi, karibu kilomita 180 kila upande. Ukiwa peke yako utalia. Mkiwa saba inawezekana. Sasa watu saba unawapata wapi kabla ya mkutano, wakati hujui mtu? Unawapata siku ya pili, mmeshakaa, mmeshakula pamoja. Na mkutano ukifungwa tu kila mtu ana basi lake la usiku, wametawanyika. Kwa hiyo siku yenyewe ni ile ya mwisho. Mwaka jana tulitoka alfajiri ya siku ya tatu, tupo saba, tumepita Makuyuni kiza, Mto wa Mbu tukanywa chai, tukapanda ukuta wa Bonde la Ufa. Ile sehemu ya kuangalia kreta kutoka juu Dada Zu, wingu linaondoka unaona chini mita mia sita, nyati kama punje. Faru nimemuona kwa macho yangu. Siuzi siku ile kwa mkutano wowote.

ZUHURA: Na posho ya siku ya tatu ulipokea?

DEO: Nilipokea.

ZUHURA: Basi ndo hapo. Hiyo ni hela ya umma Deo. Umetumwa siku tatu, kaa siku tatu.

DEO: Siku ya tatu ni hotuba, shukrani, picha ya pamoja. Maazimio wanatuma kwa imeili.

ZUHURA: Maazimio yanaandikwa pale! Wiki hii siku ya tatu ndo tulijadili wazabuni wadogo, watu wa wilayani kule wanaohangaika kujisajili kwenye NeST, ule mfumo wa zabuni za serikali mtandaoni, mtandao unakata, akishinda zabuni ya madawati analipwa kwa kuchelewa mpaka fundi wake anamkimbia. Ukumbi nusu tupu. Nusu! Nimeinua mkono nimesema, wakaandika. Kama na mimi ningekuwa kreta nani angesema?

DEO: Angesema mwingine.

ZUHURA: Mwingine alikuwa kreta.

DEO: [kimya kidogo] Sawa, lakini niambie ukweli, mtumishi wa kawaida, mwalimu, nesi, lini tena atafika Ngorongoro? Mkutano ndo nauli yake pekee. Mwajiri kashamfikisha Arusha, kilomita mia sita na kitu. Unamwambia awe kaskazini nzima hiyo arudi hajaona kitu, watu wanatoka Ujerumani wanakuja kuangalia, yeye Mtanzania anaangalia slaidi. Hiyo nayo sio haki.

ZUHURA: Aone! Mimi sijasema asione. Aombe ruhusa ya siku mbili za likizo aende mapema. Kila mkutano siku hizi una grupu la WhatsApp wiki nzima kabla, aandike pale, nani anafika Jumamosi tuchange gari.

DEO: Bosi gani anatoa ruhusa hiyo? Kazini kwetu ukiomba siku mbili kabla ya safari, safari yenyewe anapewa mwingine.

ZUHURA: Basi tugombane na bosi, sio kukwepa ukumbi.

DEO: Rahisi kusema.

ZUHURA: Sio rahisi, nimeifanya.

DEO: Ulikuwa na machungwa, dada. Sio kila mtu anapanda basi na kiroba.

ZUHURA: Kila mtu anaweza kununua machungwa!

DEO: Mi sibadilishi.

ZUHURA: Na mimi sibadilishi. Na kitu kimoja zaidi, maana nyie wa kreta mnadhani Arusha ni mlango tu wa kwenda mbugani. Jengo ulilokaa unalijua? AICC yale yalikuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani, ikavunjika 1977, mwaka uliofuata ndo yakawa kituo cha mikutano. Humo humo ndo ilikaa mahakama ya kimbari ya Rwanda mpaka ikafungwa 2015. Mwaka 1998 humo imesomwa hukumu ya Akayesu, mara ya kwanza mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari. Watu tunapanda ngazi zile na vibeji shingoni tunatafuta chai. Mimi nilisimama pale koridoni nikamuuliza mlinzi mmoja mtu mzima, mashahidi walikuwa wanapita wapi, akaanza kunihadithia, nikachelewa kipindi cha asubuhi na sijutii.

DEO: Hiyo sikuijua kwa kina namna hiyo.

ZUHURA: Na Alhamisi kabla ya basi nikaenda Makumbusho ya Azimio la Arusha, karibu na Mnara wa Mwenge, ukumbi ule ule TANU walikaa 1967. Unatoka AICC kwa miguu tu. Nilikuwa karibu peke yangu mle ndani, na mjini wajumbe wamejaa.

DEO: Wapo kreta.

ZUHURA: Wapo kreta! Na umesema mwenyewe.

DEO: Sa mafundi wananionyesha kidole hapa, muda. Dada Zu tumebakiza jambo la tatu, la nne na la tano, lile la nguo za baridi, lile la kula jioni, na bajeti yote ya posho nilikuwa nimeipigia hesabu.

ZUHURA: Soma haraka.

DEO: Haiwezekani haraka, ile hesabu ina maelezo. Inabidi tuiache. Tuandikieni tu, nyie mliowahi kwenda mkutano, siku ya mwisho mlikuwa wapi, mseme ukweli.

ZUHURA: Na waseme kama walipokea posho.

DEO: Hilo sijauliza.

ZUHURA: Mimi nimeuliza. Kwaherini, wiki ijayo tuna mgeni, fundi wa majokofu.

DEO: Kwaherini jamani. Dada, ila nusu siku je? Ile asubuhi tu wanayosoma salamu...

ZUHURA: Hata nusu.