Mji wa kale ndani ya dumu: jinsi matabaka ya udongo yanavyojijenga

Karibuni. Leo tunajenga mji ndani ya dumu, tuubomoe, halafu tusome ulivyojifukia. Chukua dumu la maji la lita 5, lile linaloonyesha ndani, ulikate sehemu ya juu. Weka karibu mchanga, udongo mwekundu, majivu, mkaa uliopondwa, magae ya chungu na chokaa kidogo.

Anza na mchanga, kina cha vidole vinne. Huo ni ufuko kabla hajafika mtu. Ushindilie.

Sasa tandaza udongo mwekundu, wembamba kama chapati, uloweshe na kuupapasa mpaka uwe laini. Hiyo ni sakafu. Katikati nyunyiza majivu kiduchu tu, kwa sababu sakafu hufagiwa. Mwenye uwanja wa udongo nyumbani anajua: taka hazikai katikati, zinasukumwa mpaka jaani. Basi rundika majivu, magae na miiba ya samaki kwenye pembe moja ya dumu. Ndiyo maana mchimbaji wa mambo ya kale akikuta majivu mengi hakurupuki kusema palikuwa jikoni.

Tujenge nyumba. Simamisha vijiti vitatu vya mshikaki karibu na upande unaouona, ukandike ukuta, uache ukauke hadi kesho. Ukikauka, nyunyiza maji polepole. Masika yamefika, makuti yameoza, hakuna wa kuziba nyufa. Msifanye pupa; mimi mara ya kwanza nilimwaga kikombe kizima, nikapata uji. Ona ukuta unavyolainika na kuteremka: kifusi ni kinene pale uliposimama, kinapungua kadiri kinavyokwenda mbali. Na hapa wengi huteleza. Ukuta mmoja ukianguka kwa masika mawili matatu unaacha tabaka nene kuliko majivu ya miaka mingi ya kupika. Unene si muda.

Atakayejenga tena hapo hahamishi kifusi. Anakisawazisha na kupanda juu yake. Fanya hivyo hivyo: sawazisha, weka sakafu ya pili, hii ipake chokaa.

Mambo haya yalionekana wazi Shanga, mji wa kale kisiwani Pate, Kenya. Miaka ya 1980 mwanaakiolojia Mark Horton alichimba ndani ya magofu ya msikiti wa Ijumaa, akakuta chini yake misikiti iliyotangulia, mmoja juu ya mwingine, mpaka ile ya miti ya karne ya 8. Miti yenyewe ilishaoza. Kilichobaki ni matundu ya nguzo, yaani madoa ya udongo wenye rangi tofauti na unaoyazunguka. Ukitaka kuliona doa hilo, toboa tundu kwa kalamu kwenye udongo, kando ya ubavu wa dumu, ulijaze majivu.

Hatua ya mwisho ndiyo ninayoipenda. Kwa kijiko, chimba shimo kutoka juu, ukifuata ubavu wa dumu, lipite sakafu zote mbili hadi mchangani. Tia kizibo cha soda, ulifukie kwa udongo uliochanganyika.

Sasa kizibo kiko chini ya sakafu ya kwanza. Je, ni cha kale kuliko sakafu hiyo? Hapana! Kimeingia jana. Tafuta kuta za shimo, zifuate kwenda juu mpaka uone linapoanzia. Umri wa shimo husomwa mdomoni, si kitakoni. Usipouona mdomo, lowesha ubavu kidogo. Udongo ukiwa na unyevu rangi zake hujitenga. Wachimbaji nao hunyunyizia maji ukuta wa shimo lao kabla ya kuuchora.

Malizia kwa kalamu ya wino mzito: chora kwenye plastiki mpaka wa kila tabaka, uyape namba kuanzia juu. Udongo uliojaza shimo upe namba yake peke yake, na kizibo kiandikie namba hiyo hiyo, hata kama kimelalia mchanga.