Domeni zilizokosewa herufi: ipi inaleta wageni, ipi unaiacha

Habari zenu, karibuni. Leo tunachambua majina ya tovuti yaliyokosewa herufi: lipi ulinunue kwa sababu wateja wako wanaliandika kweli, na lipi uliache lilale huko lilipo. Mimi nasajili domeni na kutengeneza tovuti za wafanyabiashara, na katika kazi yote hii sehemu ninayoipenda kuliko zote ni hii, maana hapa unajifunza namna watu wanavyolisikia jina lako.

Jina la somo ni khangazetu.co.tz. Nimelitunga, tuseme ni duka la khanga. Chukua daftari, andika jina juu ya ukurasa, twende.

Mwaka 1964 mtaalamu wa kompyuta, Frederick Damerau, alionyesha kwamba yapata asilimia 80 ya makosa ya tahajia aliyoyachunguza ni ya aina nne tu: herufi moja imeachwa, herufi moja imeongezwa, herufi moja imebadilishwa, au herufi mbili jirani zimepishana. Sasa tuhesabu. Khangazetu ina herufi 10. Ukiacha herufi moja unapata majina 10. Ukipishanisha jirani, 9. Ukibadilisha herufi moja kwa nyingine, 250. Ukiongeza moja popote, 276. Jumla 545, na hapo sijagusa tarakimu wala kistari. Ukilipia kila jina 25,000 kwa mwaka, ni shilingi 13,625,000. Zipo programu zinazotoa orodha hiyo ndani ya sekunde moja, kwa hiyo usimlipe mtu akuandalie orodha. Kuchagua ndiyo kazi.

Tuanze na makosa ya vidole, haya tunayapita haraka. Angalia kibodi. Z imekaa chini ya a, karibu na s na x. E ina w upande mmoja na r upande wa pili. Kwa hiyo kidole kikiteleza unapata khangasetu, au khangazrtu. Yatamke yote mawili. Khangasetu linatamkika. Khangazrtu halitamkiki, na mtu akiliandika jicho linagoma, anafuta mwenyewe kabla hajabonyeza. Hiki ndicho kipimo changu cha kwanza: kosa linalosomeka kama neno la Kiswahili linapita bila kuonekana, kosa lisilosomeka linafutwa. Pitisha kalamu kwenye yote yasiyosomeka. Herufi ya kwanza nayo watu huikosea mara chache kuliko za katikati, kwa hiyo ukiona jhangazetu, futa.

Subirini kidogo, mwanga wa dirisha unapiga kwenye skrini, hamwoni kitu. Nafunga pazia. Haya, sasa inaonekana.

Makosa ya sikio ndiyo yenye wageni. Mtu anayekosea kwa kidole leo, kesho ataandika sawa. Anayekosea kwa sikio ataandika vilevile kila siku, na ataamini yuko sahihi. Khanga au kanga? Wote mnajua nusu ya watu wanaandika hivi na nusu vile, na kamusi zenyewe zinaanza na kanga. Kwa hiyo kangazetu si kosa la ajali. Huyo ni mteja kamili, na hela yake mkononi, anaandika neno jinsi alivyolizoea.

Halafu kuna ngeli, na hili orodha za programu za Wazungu hazilioni kabisa. Kule wanahangaika na s ya wingi. Sisi khanga moja ni khanga yetu, khanga nyingi ni khanga zetu. Mtu aliyesikia jina mara moja redioni anaweza kukumbuka khangayetu. Kama duka lako ni la vitenge, basi kitenge na vitenge ni wageni wawili tofauti. Kama una neno lenye dh au th, jua wapo watakaoandika z na s: dhahabu inakuwa zahabu, thamani inakuwa samani, na samani ni makochi na meza, mteja ameshapotea. R na l zinabadilishana kulingana na mtu alikokulia. Irabu mbili zinaandikwa moja, mzee anakuwa mze. H ya mwanzo inamezwa. Na vijana wanaandika kama kwenye meseji: x badala ya s, irabu zinakatwa. Chukua jina lako, pita nalo kwenye kila moja ya hizo, andika yanayotokea. Kwa khangazetu nimebaki na saba tu kutoka 545.

Sasa tusikisie, tupime. Nampigia shangazi yangu Tanga, nimeweka spika. Sijamwambia jina kabla.

Shikamoo shangazi. "Marahaba mwanangu, hujambo?" Sijambo. Naomba uchukue kalamu, uandike anwani nitakayokutajia, usiniulize herufi. Khanga zetu, doti ko, doti tizedi. "Basi?" Basi. Nipigie picha unitumie.

Imekuja, tazameni. Ameandika kwa wino wa bluu nyuma ya risiti: kangazetu.ko.tz. Mnaona? H haipo, kama tulivyotarajia. Lakini angalieni hiyo ko! Nimetamka ko, ameandika ko, na kosa hilo ni langu mimi niliyetamka. Mwisho wa .ko.tz haupo, hakuna wa kukuuzia. Dawa yake ni mdomo: ukitaja anwani yako kwenye simu au redioni, sema si, o. Fanyeni jaribio hili na watu kumi, wa umri tofauti, kwa simu, msiwaonyeshe maandishi. Kosa lililotokea mara moja, weka nukta. Lililotokea mara tatu au zaidi, zungushia duara.

Ushahidi mwingine unao tayari. Fungua WhatsApp ya biashara, tafuta neno kanga, uone wateja wanavyoliita duka lako wanapoagizana. Kama tovuti ipo, ingia Google Search Console, ni bure, fungua ripoti ya maneno ambayo watu wameyatafuta hadi wakakuona. Panga kwa idadi. Makosa yatakuwa humo humo, na namba zake pembeni. Hapo hubishani na mtu.

Neno la ukweli kuhusu kiasi. Wageni wa jina lililokosewa ni matone ya mto wako mkuu. Kama tovuti yako inapata wageni 30 kwa siku, nunua moja, lile la sikio, uishie hapo. Watu wengi siku hizi wanapitia Google, na Google inawasahihisha. Lakini barua pepe hazisahihishwi na Google. Mtu anayekutumia oda kwa barua pepe akikosea herufi, barua inakwenda kwa mwenye jina hilo. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba barua pepe nyingi za jeshi la Marekani, linalotumia mwisho wa .mil, zilikuwa zikienda kwenye .ml, ambao ni wa nchi ya Mali. I moja tu imeachwa.

Na hapo tumefika kwenye mwisho wa jina. .com ya jina lako nunua, wengi wanaiandika bila kufikiri. Wengine wanasahau doti baada ya www, wakaandika wwwkhangazetu. Nalitaja mlijue, ila kwa duka dogo naliacha. Mwisho wa .con haupo, usitapeliwe. Lakini .cm upo, ni wa Kameruni, na mwaka 2006 kila jina la .cm ambalo halikuwa na mwenyewe lilipelekwa kwenye kurasa za matangazo, ili kuwanasa wanaoruka o. Oman wana .om, na mwaka 2016 watafiti wa usalama walikuta mamia ya majina ya kampuni kubwa yamesajiliwa huko na watu wengine, baadhi yakiwatupia wageni programu hatari. Yule aliyesahau c hakuwa na habari.

Ndiyo maana nawaomba kwa moyo wote: nunua makosa ya jina lako, usinunue ya mwenzako. Tangu 1999 ICANN, shirika linalosimamia majina ya tovuti duniani, ina utaratibu wa malalamiko, na mwenye jina akishinda unanyang'anywa domeni bila fidia. Marekani, John Zuccarini, aliyesajili maelfu ya majina yaliyokosewa, mengine yakiwalenga watoto, alikamatwa 2003, na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miezi 30.

Haya, kununua. Nisikilizeni sana hapa, acheni mnachofanya. Unaandika jina lililokosewa, na vidole vyako vimezoea kuliandika sawa. Brauza nayo inataka kukumalizia neno. Mwaka wangu wa pili kwenye kazi hii nilikuwa namnunulia mteja jina lisilo na h. Vidole vikarudisha h, vikaacha n. Nikalipa. Domeni ikishasajiliwa hairekebishwi herufi hata moja. Nikanunua upya kwa hela yangu, na ile ya kwanza ikakaa mwaka mzima bila mgeni hata mmoja.

Kwa hiyo: nakili kutoka kwenye daftari, herufi kwa herufi. Naandika, k, a, n, g, a, z, e, t, u. Kabla ya kulipa, soma kwa sauti, herufi moja moja. Nyuma mbele pia: u, t, e, z, a, g, n, a, k. Ukisoma nyuma mbele ubongo hauwezi kukujazia. Ngoja, nakuza skrini. Hapo kwenye kapu. Soma tena, kwa sababu kapu nalo huonyesha majina yaliyopendekezwa na muuzaji, na unaweza kuwa umeweka la kwake. Mimi sibonyezi lipa, hili ni la somo, lakini wewe kabla ya kulipa mwite mtu wa pili asome. Nasema tena, mtu wa pili asome.

Ukishalipa, ingia kwenye akaunti yako, tafuta sehemu ya kuelekeza wageni kwenda tovuti nyingine, weka anwani sahihi, chagua ya kudumu, yaani ile yenye namba 301. Usitengeneze tovuti ya pili. Barua pepe zielekeze pia, info ya jina lililokosewa iingie kwenye info ya jina sahihi, halafu jitumie barua moja uone inafika. Weka kumbukumbu kwenye simu mwezi mmoja kabla ya tarehe ya kulipia tena, maana jina ulilowazoesha wateja likikuponyoka, atakayelichukua atawapata hao hao.

Nimempigia tena shangazi, nimemwambia ataje anwani kwa jirani yake, safari hii kwa si, o. Picha imeingia sasa hivi: kangazetu.co.tz. H bado haipo. Hilo ndilo la kununua.

Wenye majina yenye dh, th au gh, yaandikeni hapo chini, tutayapigia simu kwenye video ijayo.