Viti Tisa na Dakika Sitini: Muziki Wetu Katika Ziara za Ulaya

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wangu wa dansi mlioketi safu ya mbele, shikamooni. Walimu, wanafunzi na wanamuziki wenzangu, nawasalimu nyote. Nimeombwa nizungumzie ziara za wanamuziki wetu wa Tanzania huko Ulaya, nami, kama mpiga ngoma niliyezunguka huko miezi ya joto ya miaka kadhaa, nimeona nisianze na majukwaa wala makofi. Nitaanza na gari.

Bendi nyingi zinazozuru Ulaya husafiri kwa gari la viti tisa, na idadi hiyo ina sababu. Leseni ya kawaida ya udereva katika nchi za Umoja wa Ulaya, yaani daraja B, humruhusu mtu kuendesha gari lisilozidi abiria wanane, ukiacha dereva mwenyewe. Akiongezeka abiria mmoja tu, mnahitaji gari kubwa zaidi na dereva mwenye leseni ya mabasi, ambaye kanuni ya mwaka 2006 haimruhusu kuendesha zaidi ya saa nne na nusu bila kupumzika dakika 45. Gharama hupanda mara moja. Ndiyo maana mwandaaji wa ziara, kabla hata hajasikiliza wimbo wenu mmoja, huuliza swali hili: mko wangapi?

Toeni kiti cha dereva, toeni cha msimamizi wa ziara, toeni cha fundi mitambo. Vinabaki sita. Sasa ifikirieni bendi ya dansi ya jiji hili, ile inayopiga Jumamosi hadi alfajiri: waimbaji wanne au watano, gitaa la solo, la rithimu na la besi, tumba, dramu, kinanda, tarumbeta mbili, saksafoni mbili, na hapo sijawahesabu wanenguaji. Nani abaki nyumbani? Kwa niliyoyaona, wa kwanza kuachwa ni wapulizaji, kwa hoja kwamba kinanda kinaweza kuziba nafasi yao. Nimepiga katika ziara ya namna hiyo, na nasema mbele yenu kwamba ilikuwa hasara. Katika dansi letu gitaa husema na saksafoni hujibu. Kinanda kikipewa maneno ya saksafoni, huyatamka tu, hakiyajibu.

Tukiitazama historia kwa jicho hilo, tutaona jambo. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyeiletea Bagamoyo heshima kubwa, alisafiri na ilimba, ile ala ya vijiti vya chuma ipigwayo kwa vidole gumba, zeze na sauti yake, na ndugu wachache wa ukoo wake waliojua muziki huo tangu utotoni. Muziki wake haukukatwa kiungo ili uingie garini. Bi Kidude, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, alipotunukiwa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya muziki wa dunia, mwaka 2005, mjini Newcastle, alikuwa na ile sauti na ngoma yake. Remmy Ongala na Super Matimila ndio waliobeba mzigo mgumu zaidi, kwa kuwa waliipeleka bendi ya dansi katika WOMAD, matamasha ya muziki wa dunia, mwishoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1989 albamu yao ikatolewa na Real World, kampuni ya santuri ya Uingereza. Na leo singeli, muziki wa kasi wa vijana ambao mwaka 2017 mkusanyiko wa studio ya Sisso ya Mburahati, Dar es Salaam, uliufikisha kwa wasikilizaji wa Ulaya, husafiri na kompyuta na mshika kipaza sauti, yaani viti viwili. Nawapongeza vijana hao kwa moyo mmoja. Lakini ninaogopa siku ambayo Ulaya itaujua ule muziki wetu unaoenea katika gari dogo peke yake, nasi wenyewe tukaanza kuamini kwamba huo ndio wote tulio nao.

Baada ya viti huja dakika. Katika tamasha kubwa bendi hupewa dakika 60, pengine 45. Mara yangu ya kwanza, huko Ubelgiji, tulipanga nyimbo kumi. Sakafuni mbele yetu palikuwa na saa yenye tarakimu nyekundu inayohesabu kurudi nyuma, nami sikuielewa hadi ilipobaki dakika nne. Mnajua kibao chetu kinavyojengwa: mwimbaji anasimulia kisa taratibu, kiitikio kinaingia, watu wanatulia na maneno, kisha ndipo chemko, sehemu ya kasi ya kucheza, linapofunguliwa na ukumbi mzima kuinuka. Sisi, kwa kuogopa saa, tulikuwa tumefupisha kila wimbo, na tulipofika wimbo wa saba ambao ndio tuliutegemea kwa chemko, sauti ikazimwa. Fundi wa jukwaa hakuwa na ubaya wowote. Bendi iliyofuata ilikuwa tayari nyuma ya pazia. Kiongozi wetu hakulala usiku ule. Asubuhi alituandikia orodha mpya yenye nyimbo nne tu, kila moja nzima, na tangu hapo hatukuibadilisha. Watu wa Ulaya hawaelewi maneno, lakini nimewaona wakisubiri kwa utulivu ule mwendo wa polepole, na chemko likija wanaliitikia kwa miguu, kwa sababu wameandaliwa.

Niseme pia habari ya ngozi, maana vijana wanaojifunza ngoma huniuliza kila mara. Hapa nyumbani ngoma ikilegea tunaikokea moto wa majani au magazeti ukutani, tunaikanza mpaka ilie. Kule mvua ya Julai hulegeza ngozi ya mbuzi katika nusu saa, na ndani ya ukumbi huwezi kuwasha hata kiberiti, kwa kuwa king'ora cha moto kitawatoa watu wote barabarani. Tena kubadilisha bendi jukwaani mara nyingi hutengewa dakika 20 au 30 tu. Ninachofanya ni kutembea na mashine ndogo ya kukaushia nywele. Naishika shubiri moja kutoka kwenye ngozi, naizungusha kufuata ukingo, kamwe siielekezi katikati, huku kidole cha kati kikigonga taratibu; mwanzo inajibu “dub, dub” kama inayosema ndani ya maji, kisha mlio unapanda, unakauka, na ukisikia “tii” lenye mwisho mkali, acha papo hapo. Ukizidisha, itapasuka wakati wa wimbo. Msimu wa baridi mambo hugeuka: hita hukausha hewa hadi ngoma inalia juu kupita kiasi, nami huifunika kwa kitambaa chenye unyevu.

Karatasi nitazipitia kwa haraka. Viza ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, inaruhusu siku 90 katika kila kipindi cha siku 180. Uingereza ina viza yake. Uswisi imo ndani ya Schengen lakini iko nje ya forodha ya Umoja wa Ulaya, hivyo vyombo na santuri za kuuza huulizwa mpakani. Ila hili la kodi liandikeni. Ujerumani hukata malipo ya msanii mgeni asilimia 15, pamoja na nyongeza ambayo ni asilimia 5.5 ya kodi hiyo, yaani euro 316.50 katika kila euro 2,000. Lakini haikatwi pale ambapo malipo ya msanii kwa onyesho moja hayazidi euro 250. Mkataba ukiwa na jina la kiongozi peke yake, makato yanawahusu. Wanamuziki wanane wakiwa washirika wa mkataba kila mmoja kwa jina lake, na kila mmoja akalipwa euro 250, hayakatwi. Watu wengi, ambao kwenye gari walikuwa hasara, hapa wanakuwa faida.

Hesabu hiyo ndiyo iliyotupa ujasiri. Katika ziara yetu ya mwisho, tulipoulizwa tuko wangapi, tulijibu kumi na watatu. Tukaomba magari mawili ya viti tisa badala ya basi, yaendeshwe na watu wawili wa ziara wenye leseni ya kawaida, na sisi tukakubali kupunguza miji kutoka kumi na miwili hadi tisa ili fedha zitoshe. Mzee wetu wa saksafoni alikaa gari la pili, dirishani, amelipakata sanduku lake kutoka Hamburg hadi Puttgarden, na hata katika kivuko cha dakika 45 kuelekea Rødby nchini Denmark hakuliweka chini. Jioni ile Copenhagen, katika wimbo wa tatu, saa nyekundu ikionyesha dakika kumi na tisa zimebaki, gitaa la solo lilifungua chemko, na saksafoni ikalijibu.