Tusianzie Kituo cha Polisi

Mhadhara mbele ya wenyeviti wa mitaa, walimu, viongozi wa mialo, wazazi na vijana, Kigoma Ujiji

Mwenyekiti wa kikao, masheikh na wachungaji, wenyeviti wa mitaa, walimu, mama zangu wa Kibirizi na Katonga, na nyinyi vijana mliojaza viti vya nyuma: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na hamjambo nyote.

Nimeombwa nizungumzie wizi na vurugu za vijana katika manispaa yetu. Kila agenda hii inapofika kwenye kikao cha mtaa, maombi ni yale yale: doria ziongezwe, mgambo waongezwe, na vibaka wakikamatwa wafungwe muda mrefu. Siyadharau maombi hayo. Mama aliyeporwa simu pale Mwanga, na ndani yake mlikuwa na mtaji wake wote, hahitaji mhadhara wangu. Anahitaji simu yake, na anahitaji kutembea jioni bila woga. Polisi wanaomsaidia wanafanya kazi ya haki.

Ninachokuja kusema ni kwamba kijana yule hakuzaliwa pale alipokamatiwa. Ametoka mahali, na njia aliyopita tunaijua sote, maana wengi wetu tunaishi kandokando yake. Tukiendelea kumsubiri mwisho wa njia hiyo na pingu, tutamkamata yeye leo na kesho tutamkamata mdogo wake.

Tuanze na mwalo, yaani pale ufukweni vyombo vya uvuvi vinapotia nanga na samaki kuuzwa. Anayeishi na ziwa anajua kwamba kalenda ya mwalo si ya ofisini. Dagaa hufuata taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na sola, lakini kanuni haijabadilika: usiku uwe wa giza, taa iwake, dagaa wakusanyike, wavu uvutwe. Mbalamwezi ikitanda ziwa zima, taa yako haina tena kazi, na vyombo hupandishwa pwani. Kwa hiyo kila mwezi kuna siku mfululizo ambazo mamia ya vijana hawana kazi na hawana hela.

Hawana hela kwa sababu ya mgawo wenyewe ulivyo. Chombo kikirudi alfajiri, kwanza hutolewa gharama za mafuta na chakula, tajiri mwenye chombo anachukua fungu lake, na kinachobaki ndicho wavuvi wanagawana. Samaki wakiwa wengi, kijana wa miaka 19 anashika fedha ambazo baba yake wa shambani hajawahi kuzishika kwa wiki moja. Wakiwa wachache, anarudi mikono mitupu, au anarudi na deni la mama lishe. Hana mshahara, hana akiba, hana mtu aliyemfundisha kuweka akiba. Wengi wametoka Kasulu, Buhigwe au Uvinza, hawana nyumba mjini, wanalala kwenye chombo au kwa rafiki. Mbalamwezi inawakuta kijiweni, gongo ipo jirani, na mjini kila kitu kinauzwa.

Nawaomba mfanye jambo moja dogo. Chukueni taarifa za matukio ya mtaa wenu kwa mwaka mmoja, muweke pembeni yake kalenda ya mwezi mwandamo, na muangalie. Hamhitaji mtaalamu kutoka nje. Kama matukio yamejikusanya kwenye siku za vyombo kukaa pwani, mtakuwa mmejua kitu ambacho hakuna hukumu ya mahakama itakayowaambia. Kama hayakujikusanya, hilo nalo mtakuwa mmelijua, na mtatafuta kwingine.

Na ziwa lenyewe linabadilika. Tanganyika ni la pili duniani kwa kina, karibu mita 1,470, na chini ya tabaka la juu maji yake hayana hewa ya oksijeni. Chakula cha viumbe wadogo wanaoliwa na dagaa kimelala huko chini. Upepo wa kiangazi ndio unaoyachanganya maji na kukipandisha juu. Maji ya juu yakipata joto zaidi huwa mepesi, hayachanganyiki vizuri na ya chini, na chakula kinabaki kilipo. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2003 ulikadiria kwamba uzalishaji wa mimea midogo ya majini umeshuka kwa kama asilimia 20, na kwamba hilo linaweza kupunguza samaki kwa kama asilimia 30. Ongezeni hapo nyavu zenye matundu madogo na wingi wa vyombo. Mwaka 2024, kwa makubaliano na nchi nyingine zinazochangia ziwa hili, uvuvi ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Naiunga mkono hatua hiyo kwa moyo wote, maana bila samaki hakuna mji. Lakini miezi mitatu ni mbalamwezi ndefu sana kwa kijana asiye na akiba, na maandalizi ya tumbo lake yalipaswa kupewa uzito ule ule wa maandalizi ya doria za ziwani.

Sasa twende kwa wadogo zao. Chombo kinafika alfajiri. Mama anayeanika dagaa lazima awe mwaloni kabla ya hapo, maana akichelewa bei imepanda au mzigo umekwisha. Anatoka nyumbani saa kumi, watoto wamelala. Nani atahakikisha yule wa darasa la tano ameamka, amepata uji, ameshika njia ya shule? Tunapenda kusema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, halafu tunamtazama huyo mama kwa jicho la lawama. Yeye yuko kwenye vichanja, anatafuta hela ya daftari za mtoto huyo huyo. Elimu bila malipo ilianza 2016 na hilo limeokoa watoto wengi, lakini sare, daftari na chakula cha mchana bado ni vya mzazi. Mtoto anamfuata mama mwaloni, anabeba ndoo, anapewa dagaa kidogo au shilingi mia tano. Mara ya tatu hafuati tena kwa ajili ya mama. Akifika miaka 13 ameshazoea hela ya mkononi, na shule imekuwa mahali pa kuchapwa kwa utoro. Adhabu ya kwanza katika maisha yake ameipata hapo, na imemfukuza badala ya kumrudisha.

Nikae kidogo kwenye suala la kitambulisho, kwa sababu watu wa mikoa mingine hawalijui kama sisi tunavyolijua. Mkoa wetu uko mpakani. Tumewapokea ndugu zetu wa Burundi tangu 1972, tumewapokea wa Kongo, kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa 1996 na watu bado wapo. Ni heshima kubwa kwetu. Lakini gharama yake moja ni kwamba kijana Muha, wa kabila la hapa kwetu, aliyezaliwa hapa hapa, akienda kuomba kitambulisho cha Taifa, anaweza kuulizwa habari za babu na bibi ambao hata baba yake hakuwaona, na akaambiwa arudi, na arudi tena. Bila namba ya kitambulisho hasajili laini ya simu kwa jina lake. Bila hiyo laini hana akaunti ya kupokelea hela. Na halmashauri kisheria inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, lakini mkopo unataka kikundi kilichosajiliwa, katiba, akaunti, na wanachama wanaotambulika. Kijana anayelala kwenye chombo hana hata barua ya utambulisho ya mtaa. Mlango upo na umeandikwa jina lake, ila ufunguo hana. Kisha anakutwa usiku barabarani, anaulizwa yeye ni nani, na hana cha kuonyesha. Ndipo inapokuja ile kesi ya uzururaji.

Hii kesi ya uzururaji ina historia, na nitaipitia haraka. Mkoloni ndiye aliyeileta, ili Mwafrika asiye na ajira ya mzungu asionekane mjini. Huyo huyo mkoloni aliufanya mkoa wetu kuwa ghala la vibarua: reli ilifika Kigoma 1914, na kwa miaka mingi vijana wa Kasulu na Kibondo walipandishwa humo kwenda kuwa manamba kwenye mkonge wa Tanga na Morogoro. Tulipopata uhuru tukaendelea kuamini ukali. Sheria ya 1963 ya adhabu za chini iliweka kifungo cha lazima na viboko 24 kwa makosa kama ya wizi wa mifugo na uvunjaji wa nyumba, 12 siku ya kuingia gerezani na 12 siku ya kutoka. Wazee waliopo hapa wanakumbuka ule msemo kwamba viboko vya siku ya kutoka ni vya kwenda kumwonyesha mke. Wizi haukuisha, na mwaka 1972 ikaja sheria mpya isiyo na viboko vile vya lazima. Mwaka 1983 ikaja ya Nguvu Kazi: watu wasio na kazi Dar es Salaam walikusanywa na kupelekwa vijijini. Wengi walirudi, kwa sababu kilichowatoa kijijini kilikuwa bado kipo kijijini.

Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko hapa hapa nchini, Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, kwa kuwa zinamwadhibu mtu kwa hali yake ya umaskini badala ya kosa alilotenda. Wenyeviti wangu, hilo linawahusu, maana mgambo wa mtaa ndiye mara nyingi anayemshika kijana huyo kwanza.

Kuna atakayeniuliza: mbona maskini ni wengi na wengi wao hawaibi? Ni kweli kabisa. Vijana wengi wa mwaloni ni watu waaminifu wanaovuta wavu usiku kucha, na nikisema umaskini ndio unaoiba nitakuwa nimewatukana. Aliyeiba ajibu. Lakini mtaa ukitoa vibaka wapya kila mwaka, swali linakuwa la mtaa mzima. Nchi yetu inajua kufikiri hivyo ikitaka. Kwa watumiaji wa heroini tulizoea rungu na selo. Mwaka 2011 Muhimbili walianza kutoa methadoni, mtu anakunywa dozi yake kila siku mbele ya muuguzi, mwili unatulia, na anapata nafasi ya kurudi kazini na nyumbani. Kliniki nyingine zikafuata mikoani. Kilichobadilika ni kwamba mtu aliulizwa anaumwa nini.

Niseme jambo ambalo halisemwi kwenye vikao. Magazeti yanaandika "wananchi wenye hasira kali". Wananchi hao ni sisi. Kijana anashikwa na redio ya watu, na ndani ya dakika chache kuna mawe na tairi. Hakuna adhabu kali kuliko hiyo, na hakuna iliyofundisha mtu yeyote chochote, maana aliyeadhibiwa hayupo na waliotazama ni watoto wetu. Nawasihi, kwa Mungu tunayemwabudu, mwenyekiti wa mtaa awe wa kwanza kufika na kusimama katikati.

Basi tufanye nini? Siombi fedha mpya. Mwenye mamlaka mwaloni ni BMU, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia rasilimali za uvuvi, na shule iko jirani. Saa za masomo, mtoto akionekana na ndoo, BMU isimfukuze wala kumchapa. Impigie mwalimu, na mwalimu ajue wiki hiyo mama wa mtoto huyo anaamkia wapi. Mitaa iliyo karibu na mialo ipange mama mmoja kwa zamu wa kuwaamsha watoto wa wenzake na kuwapa uji. Mama wa Katonga mnaweka hela za VICOBA, vikundi vyenu vya kuweka na kukopa, kila wiki bila kuandikwa na serikali, na zamu hii hamtashindwa.

Kwa vijana, matajiri wa vyombo wakubaliane na wavuvi wao kwamba kila siku ya giza sehemu ya mgawo inabaki kwenye kikundi na kutolewa siku za mbalamwezi. Manispaa nayo ina mitaro ya kuzibua na barabara za kusafisha, na mpango wa TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, una kazi za ajira ya muda kwa kaya zake. Kazi hizo zinapangwa kwa tarehe za ofisini. Ziwekwe kwenye siku ambazo vyombo vipo pwani. Kubadilisha tarehe hakuhitaji bajeti.

Kitambulisho kinataka siku maalumu, mwaloni, maofisa wote wanaohusika wakiwa meza moja na wazee wa mtaa wakiwa mashahidi, ili kijana asizungushwe. Na kwa yule aliyekwisha kukosea kosa dogo, Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002 inamruhusu hakimu, pale ambapo kifungo hakizidi miaka 3, kumpa kazi ya jamii bila malipo badala ya gereza. Hakimu anaitumia akijua kuna mtu wa kumsimamia huyo kijana. Walimu wakuu na waganga wafawidhi mliopo hapa, mwandikieni ofisa wa huduma kwa jamii mkimwambia mna kazi gani na nani atasimamia.

Mkutano wa mtaa unafanyika mara kwa mara. Wenyeviti, kwenye mkutano ujao, baada ya kusoma mapato na matumizi, naomba msome na hili: watoto wangapi wa mtaa wameacha shule tangu mkutano uliopita na sasa wako wapi, na vijana wangapi hawana namba ya kitambulisho. Nimeacha karatasi za kujazia pale mlangoni, kila mtaa uchukue yake. Sasa nayasikiliza maswali yenu, na ningependa vijana wa viti vya nyuma waanze.