Jina la Nchi Kwenye Boksi la Korosho: Mhadhara kwa Wabanguaji, Mtwara Mjini

Mama zangu, ndugu zangu wabanguaji, asanteni kwa kuacha kazi mkaja.

Fikirieni boksi la korosho kwenye ghala la mnunuzi huko Ulaya. Kilo 22.68, daraja W320, yaani punje 300 hadi 320 kwa ratili moja. Pembeni limeandikwa: Zao la Vietnam. Korosho hiyo yawezekana kabisa iliokotwa Tandahimba, ikapita chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, ikauzwa mnadani, ikapakiwa ghafi hapa hapa bandarini kwetu.

Wengi husema tumeibiwa. Uchungu huo ninao pia, lakini kanuni tuijue. Codex, tume ya FAO na WHO (mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya) inayoweka viwango vya chakula, ina kiwango cha lebo cha mwaka 1985. Kinataka nchi ya asili itajwe pale ambapo kuificha kutampotosha mlaji. Halafu kinaongeza: chakula kikisindikwa katika nchi ya pili hadi hali yake ikabadilika, nchi hiyo ya pili ndiyo ihesabiwe nchi ya asili.

Sasa tazameni kazi yenu. Korosho inapigwa mvuke, inabanguliwa moja moja huku mafuta ya ganda yakiunguza vidole, inakaushwa, inamenywa ule utando mwekundu, nzima zinatengwa na vipande. Hata forodha wanazipa namba tofauti: korosho yenye ganda ni 0801.31, iliyobanguliwa ni 0801.32. Nani atasema hali haijabadilika? Ndiyo maana nasema kilio chetu kiwe viwanda vya kubangua. Shehena ikiondoka na maganda, jina letu limeondoka nayo.

Na jina lina thamani. Mwaka 1887 Uingereza ilitunga sheria ya alama za bidhaa, ikilenga hasa bidhaa za Ujerumani zilizouzwa kwa kujifanya za Kiingereza. Wajerumani wakaboresha kazi, na maneno "Imetengenezwa Ujerumani", alama iliyokusudiwa kuwaumbua, yakageuka sifa.

Msitegemee barkodi. Namba 620 mwanzoni inaonyesha tu kwamba mwenye bidhaa amesajiliwa GS1 ya Tanzania, shirika linalogawa namba za barkodi. Korosho yenyewe inaweza kuwa ya popote. Andikeni kwa maneno, hata kwenye kipakiti cha kuuza stendi: Zao la Tanzania, imebanguliwa Newala, Mtwara.

Lipo jambo moja gumu. Ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, nako wanalima korosho, na wengine kule ni ndugu zetu wa damu. Ukibangua korosho yao hapa, kiwango kile kile kinachotuumiza kinakuruhusu uiite ya Tanzania. Mimi nawaomba msifanye hivyo. Andikeni yote mawili: imelimwa Msumbiji, imebanguliwa Tanzania. Mkulima wa kule naye anataka jina lake lisomwe, na sisi hatuwezi kudai kwa Vietnam tusichompa jirani.